Safari ya Ruangwa haianzii Mbagala, inaanzia Bodi ya Ligi

MASHABIKI wa soka nchini wanajua kushangilia, wanajua kuchanga na wanajua kubishana hadi usiku wa manane. Lakini kuna jambo linayashinda matawi mengi: kupanga safari ya wikiendi moja kwenda Kusini na kurudi salama, bila deni na bila watu kununiana.

Iko hivi. Ratiba ya Ligi Kuu ikionyesha Simba au Yanga inaifuata Namungo kwenye Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, makundi ya WhatsApp ya matawi yanachangamka. Mmoja ana mtu wa basi. Mwingine anapigia debe Coaster. Wa tatu anasema kila mwenye Noah aijaze, mafuta watu wachangiane. Watu 50 wanaandika "nipo". Zikibaki siku mbili, 15 kati yao hawapokei simu.

Chukua mfano wa hesabu. Basi la kukodi likiwa Sh3.5 milioni, watu 50 wanalipa Sh70,000 kila mmoja. Wakijitoa 15, mwenye basi hapunguzi hata shilingi, hivyo wale 35 waliobaki wanatakiwa kutoa Sh100,000. Hapo ndipo ugomvi unapoanza, na anayeambulia matusi ni mweka hazina.

Ni rahisi kuwalaumu wale 15. Ila wengi wao wana hoja moja ngumu kuipinga: hawana uhakika kama mechi itachezwa siku iliyoandikwa. Na hofu hiyo ina historia.

MACHI 8 HAIJASAHAULIKA

Machi 8, 2025 jiji la Dar es Salaam lilikuwa limejaa jezi nyekundu na za kijani na njano. Ilikuwa siku ya Dabi ya Kariakoo. Mashabiki walishaingia kutoka mikoani, wengine wakiwa wameshalipia gesti. Simba ikadai imezuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mchezo, ikasema haichezi. Bodi ya Ligi ikaiahirisha mechi siku ileile. Dabi hiyo ikaja kupigwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0.

Kwa klabu, lile lilikuwa suala la kanuni na barua. Kwa shabiki aliyepanda basi kutoka Lindi au Kilwa, ilikuwa nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, malazi na siku ya kazi. Vyote vilikwenda, na mpira hakuuona.

Ndiyo maana leo ukimwambia shabiki alipe wiki tatu kabla ya safari, anakuambia "ngoja kwanza tuone". Na safari ya Kusini haitaki watu wa "ngoja kwanza".

KUSINI SI MOROGORO

Shabiki wa Dar akienda Morogoro anaweza kuondoka asubuhi, akaangalia mechi na kulala kwake. Ruangwa haiko hivyo. Kutoka Mbagala Rangi Tatu unapita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lile la mita 970 lililofunguliwa mwaka 2003, halafu unakwenda Somanga, Nangurukuru na Lindi. Bado hujafika. Unapita Mingoyo na Mtama hadi Nanganga, kisha unaacha barabara kuu ya Masasi na kukata kilomita 53 nyingine kuingia Ruangwa. Jumla yake ni zaidi ya kilomita 500.

Sasa weka saa. Mechi ikianza saa 10 jioni, inaisha karibu saa 12. Mpaka watu wapatikane wote, wale waliokwenda kutafuta chipsi warudi na dereva awashe gari, ni saa 1 usiku. Nangurukuru mtaifikia saa 6 usiku kama hakuna kilichoharibika, na hapo Dar bado iko mbali. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo sheria haiwazuii. Kinachotakiwa kuwazuia ni akili. Dereva aliyewaleta tangu alfajiri, akakaa juani uwanjani kama wao, ndiye huyohuyo anayeshika usukani usiku kucha.

Matawi mengi yakipanga safari hii huuliza swali la kwanza: "Tunaondoka saa ngapi?" Swali lenyewe lilipaswa kuwa: "Tunarudi lini, na nani anaendesha?"

MVUA MBILI, BARABARA MOJA

Halafu kuna hali ya hewa. Dar es Salaam na Pwani hupata vuli mwishoni mwa mwaka na masika kati ya Machi na Mei. Lindi na Mtwara wana msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba hadi Aprili. Maana yake basi linaloondoka Mbagala linapita kwenye kalenda mbili tofauti za mvua. Februari Dar inaweza kuwa jua kali la kuunguza kichwa, wakati Kusini wako katikati ya msimu wao. Shabiki anayetazama anga la Temeke ili aamue safari ya Ruangwa anatazama anga lisilo lake.

Ligi yenyewe huanza Agosti au Septemba na kumalizika Mei au Juni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya msimu inachezwa kwenye miezi hiyo ya mvua.

Anayedhani hilo ni jambo dogo akumbuke Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipoisogelea pwani, mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika maeneo kadhaa ya Kilwa, Somanga ikiwemo. Magari ya abiria na mizigo yakakwama, mikoa ya Kusini ikatengana na Dar kwa siku kadhaa. Hakuna jezi wala ngoma ya tawi inayovusha basi mahali ambapo barabara imekwenda na maji.

SHABIKI WA KILWA YUPO WAPI?

Katika mjadala huu kuna mtu anasahaulika kila siku, naye ni shabiki wa Kilwa.

Namungo, Wauaji wa Kusini, ni timu ya mkoa wake. Ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, mkoa wa Lindi ulipata sababu ya kufunga safari. Msimu huohuo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa na Simba 2-1. Fainali hiyo ilipigwa Agosti 2, 2020, Sumbawanga. Kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi Rukwa, hebu fikiria. Mwaka 2021 ikaingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika pamoja na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, na mechi zake za nyumbani ikachezea Dar es Salaam.

Sasa chukua ramani. Kwa mkazi wa Kilwa Masoko, safari ya kwenda Ruangwa na ile ya kwenda Dar zinakaribiana urefu. "Nyumbani" kwake kupo mbali sawa na ugenini. Msimu wa 2021/22 Namungo ilipoutumia Uwanja wa Ilulu, Lindi mjini, mtu wa Kilwa na wa Mchinga alipumua kidogo, maana Lindi iko kwenye njia yake na haina haja ya kuzunguka hadi Nanganga.

Hakuna anayesema Namungo ihame Ruangwa. Ruangwa ndiko ilikozaliwa, na watu wake ndio walioibeba. Hoja ni kwamba uamuzi wa uwanja, siku na saa unachagua pia nani ataiona timu. Mechi ya saa 10 jioni siku ya Jumatano pale Majaliwa ni mechi ya watu wa Ruangwa na majirani wao. Mechi ileile Jumamosi ni ya mkoa mzima. Na kwa kuwa mwenyeji ndiye anayevuna mapato ya mlangoni, tofauti hiyo inaonekana hadi kwenye mfuko wa klabu.

WANAORUKA NA MABAWA WANA FUNZO

Iten, Kenya, inajulikana kwa wakimbiaji. Lakini ukingoni mwa Bonde la Kerio, palepale Iten, kuna watu wa mchezo mwingine: wanaojirusha kutoka kwenye miteremko wakiwa na mabawa ya kitambaa na kuelea angani. Marubani wa mchezo huu nao huwa wanapanga wikiendi na wenzao, kama matawi yetu. Nani ana gari, nani atalala wapi, nani atachangia mafuta.

Tofauti ni utaratibu. Wanaanza na upepo kabla ya kugusa mambo ya gari. Wanaweka siku ya kuruka na siku ya akiba. Wanajua mapema nani atabaki chini na gari ili awafuate wenzake watakapotua, maana rubani hatui pale alipoondokea. Na wakifika mlimani, upepo ukawa mbaya, mwenye uzoefu akasema leo haturuki, watu wanakunja mabawa na kurudi. Kuahirisha ni sehemu ya mchezo wao. Anayeruka kwa sababu tu amelipa mafuta ndiye anayewapa wenzake kazi ya kumbeba.

Wala hatuna haja ya kwenda Kenya kujifunza hilo. Manahodha wa Kilwa waliishi hivyo karne nyingi. Majahazi ya Uarabuni yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na nahodha aliyekosa upepo wake alisubiri bandarini hata kama mali imeshapakiwa. Kilwa ilitajirika kwa watu waliojua kusubiri.

Tawi la mashabiki linahitaji nahodha wa aina hiyo. Awe mtu mmoja, aliyekubaliwa kabla ya safari, mwenye mamlaka ya kusema "leo hatuondoki" au "tunalala Lindi", na akisema, asiitwe mwoga. Mwenyekiti anayepigiwa kelele na basi zima saa 1 usiku, nusu yao wakiwa wamechangamka kwa ushindi, hawezi kuamua vizuri. Uamuzi ule ulitakiwa kufanyika Jumatano, watu wakiwa na akili zao.

WIKIENDI INAVYOPANGIKA

Tuseme mechi ni Jumamosi. Tawi linaondoka Dar Ijumaa alfajiri, linaingia Lindi mchana na kulala hapo. Jumamosi asubuhi linakwenda Ruangwa bila kukimbizana, linaangalia mechi, linarudi kulala Lindi. Jumapili asubuhi linaanza safari ya Dar kukiwa na mwanga, likiwa na dereva aliyelala na dereva wa pili pembeni yake. Wenye muda wa siku moja zaidi wanakata kona Nangurukuru, kilomita kama 30 hivi, wanafika Kilwa Masoko. Wanachukua kibali na boti kwenda Kilwa Kisiwani, kuuona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, magofu yaliyo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981.

Gharama inapanda? Ndiyo, malazi ya usiku mbili ni fedha. Lakini fedha hiyo inabaki Lindi kwa wenye gesti, mama lishe, bodaboda na wauza samaki. Sasa hivi Kilwa inachopata kutoka kwenye msafara wa mashabiki wengi ni honi tu saa 6 usiku.

Kwenye michango, tawi liwe na sheria mbili. Anayesema "nipo" bila kulipa hahesabiwi. Anayelipa akajitoa, anatafuta mtu wa kukaa kwenye kiti chake, vinginevyo fedha yake inabaki kwenye basi. Mechi ikiahirishwa, mkataba na mwenye gari uwe umeshasema fedha inahamia tarehe mpya. Hayo yaandikwe kabla mtu hajatoa shilingi.

MPIRA UPO KWA BODI

Matawi yakijipanga vizuri kiasi hicho, bado kuna mlango hawana ufunguo wake. Tarehe.

Kila mtu anaelewa kwamba ratiba ya ligi yetu inabanwa. Kuna mechi za CAF, kuna timu ya Taifa, kuna televisheni ya Azam iliyosaini mkataba wa miaka 10 wa Sh225.6 bilioni mwaka 2021 na inahitaji muda wake. Hakuna anayeomba mechi zisisogezwe kabisa. Kinachoombwa ni kwamba mechi ya Simba, Yanga au Azam kule Ruangwa ipewe Jumamosi kila inapowezekana, kwa sababu hakuna Jumatano inayotosha kwa kilomita 500. Ikilazimika kusogezwa, shabiki ajue wiki mbili kabla, na tarehe mpya itajwe hapohapo badala ya "itatangazwa baadaye".

Klabu nazo zina sehemu yao. Zinawaita mashabiki mchezaji wa 12, lakini mchezaji wa 12 ndiye pekee anayejilipia basi, chakula na kitanda, na ndiye wa mwisho kupewa taarifa. Ofisi ya klabu inayojua Jumatatu kwamba mechi inaweza kuhama, ikakaa kimya hadi Alhamisi, imewaingiza hasara watu wake yenyewe.

Ratiba ijayo itakapotoka, matawi ya Mbagala na Temeke yataitafuta kwanza tarehe ya Ruangwa. Watu 50 wataandika tena "nipo". Wangapi kati yao watakuwa kwenye kiti basi likipita Nangurukuru, hilo Bodi ya Ligi inaweza kuliamua kabla mweka hazina hajapokea mchango wa kwanza.