Dawa Isiyofika Si Dawa

Hivi karibuni, baada ya mhadhara, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali lililoninyima usingizi: "Mwalimu, ya nini kuzungumzia chembe za sumaku zinazopeleka jeni ndani ya seli za saratani, ilhali wagonjwa wetu wanakosa hata tiba ya mionzi?"

Swali hilo lina uzito. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda iliharibika pale Mulago, Kampala. Mpya ilizinduliwa Januari 2018. Hata hivyo, sikubaliani na hitimisho lake.

Tuitazame kwanza sayansi yenyewe. Jeni inayofaa ikiingizwa kwenye seli ya saratani, yaweza kuiamuru ife au kuamsha kinga ya mwili dhidi yake. Kazi ngumu ni kuifikisha huko. Virusi vilivyoondolewa makali hubeba jeni vizuri, lakini mwili unaweza kuvipokea kwa vurugu. Mwaka 1999, katika jaribio la kutibu maradhi ya kurithi nchini Marekani, kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alipoteza maisha kwa njia hiyo. Mwaka 2002 Christian Plank na wenzake wa Munich, Ujerumani, walichapisha njia tofauti: jeni hushikizwa kwenye chembe za oksidi ya chuma, nyembamba kuliko unywele kwa mamia ya mara, kisha sumaku huzivuta hadi kwenye seli, nazo seli huzimeza.

Njia hii ina mipaka. Nguvu ya sumaku hufifia upesi kadiri umbali unavyoongezeka, hivyo uvimbe uliojificha ndani ya mwili haufikiki kirahisi. Imejaribiwa maabara na kwa wanyama, wakiwemo paka wenye saratani, lakini haijawa tiba ya kawaida hospitalini. Anayemuuzia mgonjwa leo "tiba ya sumaku" ya saratani ni tapeli.

Nani atamtambua tapeli huyo? Ni mtumishi wa umma aliyefundishwa. Nani atakayekagua jaribio linaloletwa kwa raia wetu, au kuhoji bei? Mwaka 2019 dawa ya jeni ya Zolgensma iliingia sokoni Marekani kwa zaidi ya dola milioni 2 kwa dozi moja. Taifa lisilo na wataalamu wake hupokea bei kama hiyo likiwa limeinamisha kichwa.

Kwa hiyo namjibu mwanafunzi wangu: tudai vyote viwili. Bajeti ya mashine ya mionzi iwe na fungu la matengenezo na vipuri, na maabara za vyuo vikuu zipate fedha za utafiti. Wanasayansi wa Munich walihangaika na safari fupi mno, ya kuifikisha jeni kwenye seli. Safari ya tiba kutoka kwenye bajeti hadi kwa mgonjwa wa wilayani ni jukumu letu, na hakuna sumaku itakayotusaidia kuikamilisha.