Sumaku, Dinamo ya Baiskeli na Mkono wa Baba



Leo tuzungumze habari ya mkono. Tuseme baba mmoja wa upande wa Kongwa aliamka alfajiri kwenda kufungua zizi, akaanguka mlangoni. Uso ulipinda, maneno yakakwama mdomoni, mkono wa kuume ukalegea. Alipelekwa hospitali Dodoma, akalazwa, akarudi nyumbani hai. Lakini mkono haukurudi nao ukiwa mzima. Sasa mchana kutwa anakaa kivulini, mkono umelala pajani, naye anautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Siku moja kijana wa ukoo aliye mjini aleta habari. Asema huko ng'ambo iko mashine ya sumaku, huwekwa kichwani, na mkono uliolala huamka. Nyumba nzima yafurahi. Shangazi asema na wauzwe maksai wawili, mgonjwa apelekwe. Kisha siku ya mnada apita mchuuzi mwenye bangili za sumaku. "Ya nini kwenda mbali?" asema. "Sumaku ni sumaku. Hii hapa."

Baba huyu ni wa mfano tu, lakini nyumba zenye shauri kama hilo si chache. Je, wewe msomaji, ungewaambia nini?

Yafaa kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo. Mshipa wa damu huziba au hupasuka kichwani, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoamuru mkono wa kuume, na wa kuume huamuru wa kushoto. Basi mkono wa baba yule haukufa. Aliyeumia ni bwana wake aliyekuwa akiuamuru. Wala si jini, wala si kazi ya jirani mwenye kijicho. Mara nyingi chanzo ni shinikizo la damu lililopanda miaka mingi bila kupimwa.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa matajiri wa mbali. Kati ya mwaka 2003 na 2006 wachunguzi waliwahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai na katika sehemu moja ya Dar es Salaam. Walipokwisha kusawazisha hesabu kwa umri wa watu, waliona kwamba kwa mwaka mmoja, katika kila watu 100,000, Hai walipatwa 109 hivi, na Dar es Salaam 316 hivi. Ndio kusema ugonjwa huu uko kwetu, shambani na mjini.

Sasa tuje kwenye sumaku. Je, kijana wa mjini alisema uongo? La, mashine hiyo ipo. Na ukitaka kuielewa, itazame dinamo ya baiskeli. Ndani yake mna sumaku na waya uliozungushwa mara nyingi. Gurudumu likizunguka, taa huwaka. Ukisimama, taa huzimika, ingawa sumaku ingali mle mle ndani. Maana yake sumaku iliyotulia haizai umeme katika waya. Huzaa ile tu ambayo nguvu yake inabadilika-badilika. Jambo hilo lilionyeshwa na Bwana Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831.

Mwaka 1985 Bwana Anthony Barker na wenzake wa mji wa Sheffield, Uingereza, walilitumia jambo hilo hilo kwa kichwa cha mtu. Walichukua waya uliozungushwa, wakauweka juu ya kichwa, wakapitisha umeme mwingi kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Nguvu ya sumaku ikapita katika ngozi na fuvu bila kupasua wala kuchoma, ikazaa umeme kidogo ndani ya ubongo. Walipoiweka juu ya mahali panapoamuru mkono, vidole vilishtuka vyenyewe.

Hapo waganga wakapata tumaini. Maana wewe wajua jinsi maksai wawili wanavyolima chini ya nira moja. Mmoja akiumia mguu, mwenzake mzima humvuta, na plau yaenda upande. Wataalamu walifikiri kwamba pande mbili za ubongo hufanya vivyo hivyo baada ya kiharusi: upande mzima huzidi nguvu na kuukandamiza ule ulioumia. Basi walisema, tuutulize upande mzima kwa mapigo ya polepole ya sumaku, au tuuamshe ulioumia kwa mapigo ya haraka, labda nira itakaa sawa.

Fikira hiyo ni nzuri. Lakini fikira nzuri hupimwa. Huko Marekani, katika vituo 12, walichaguliwa wagonjwa 199 waliopatwa na kiharusi miezi 3 hadi 12 nyuma, wote wenye mkono dhaifu. Wengine walipata sumaku ya kweli ya kuutuliza upande mzima. Wengine waliwekewa mashine ya kuigiza tu, wasijue. Wote, wa kundi hili na la lile, walifanyishwa mazoezi ya mkono na wataalamu, mara 18 katika majuma 6. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Baada ya miezi 6, katika kila watu 100 wa sumaku ya kweli, 67 mikono yao ilikuwa imepata nafuu ya kuonekana. Na wale wa mashine ya kuigiza? Ni 65.

Soma tena hesabu hiyo, msomaji. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na yalipishana kidogo mno hata isiweze kusemwa kwamba ni kwa ajili ya sumaku. Walichoshiriki wote ni mazoezi. Uchunguzi mmoja haumalizi maneno, na wataalamu wa nchi nyingi wangali wanajaribu njia nyingine za kuitumia mashine hiyo. Huenda kesho wakapata iliyo bora. Lakini mpaka leo sumaku ni msaidizi wa mazoezi anayejaribiwa, haikuchukua mahali pake. Tena haimfai kila mtu. Mwenye chuma kichwani, au mwenye kifaa cha umeme cha kuuendesha moyo, huenda akadhurika, na mwenye kifafa huweza kushikwa na degedege.

Na bangili ya mchuuzi? Ile ni sumaku iliyotulia, kama dinamo ya baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Haiwashi taa, wala haiwezi kuamsha ubongo.

"Haya," utasema, "kama ni mazoezi, tutayafanya sisi wenyewe nyumbani." Ngoja kidogo. Nako India walijaribu jambo hilo. Katika hospitali 14 walichaguliwa wagonjwa 1,250, na nusu yao jamaa zao walifundishwa kuwafanyisha mazoezi nyumbani. Habari zilitolewa mwaka 2017. Baada ya miezi 6 hawakuwa na hali bora kuliko wale waliotunzwa kwa desturi ya kawaida. Kwa hiyo nisikudanganye: upendo wa jamaa peke yake hautoshi. Lazima awepo mtu wa kazi hiyo, atazame mkono, aseme leo fanyeni hivi, na baada ya mwezi aseme sasa fanyeni vile. Mtu huyo ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani wa mazoezi ya viungo. Kazi hiyo hufundishwa hapa nchini, huko KCMC Moshi, tangu miaka ya 1970. Mgonjwa anapotoka hospitalini, iwe ni Benjamin Mkapa, iwe ni ya rufaa ya mkoa, au iwe ni ya misheni, usichukue dawa tu ukaondoka. Uliza: "Nani atamwonyesha mazoezi, na turudi lini?" Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye mavuno makubwa, ingawa nafuu huweza kuja hata baadaye.

Na ninyi wa nyumbani kazi yenu ni kumpa mgonjwa nafasi ya kurudia yale aliyoonyeshwa, kila siku, mara nyingi. Kazi ndogo zenye maana ndizo zinazofaa: kushika kikombe, kubambua karanga, kuhamisha punje za mahindi kutoka bakuli hili hadi lile, kukunja nguo, kuchambua majani ya mlenda. Mara ya kwanza karanga zitamwagika. Ziacheni zimwagike.

Mama, najua unamlisha mumeo kwa huruma. Lakini mkono usiopewa kazi huzidi kulala. Akiwa ameshapimwa na kuonekana anameza vizuri, muache ajaribu tonge lake mwenyewe, hata kama ugali utapoa. Na ninyi vijana, msimwinue baba kwa kuuvuta ule mkono mgonjwa, maana bega lililolegea huteguka upesi. Mshikeni kiunoni. Na dawa ya shinikizo la damu asiiache siku aonapo nafuu, kwa kuwa kiharusi cha pili huja kwa aliyesahau cha kwanza.

Ikiwa siku moja daktari anayemjua mgonjwa wenu atashauri mashine ya sumaku, msikilizeni. Mwulizeni kama itakwenda pamoja na mazoezi, na mwambieni kama mgonjwa amewahi kuanguka kifafa.

Basi turudi kwa baba yetu wa Kongwa na shauri la shangazi. Mimi ningesema hivi: maksai na wabaki na nira yao, maana mvua za Desemba hazimngojei mtu. Akihitaji kuuzwa mbuzi, na auzwe kwa nauli ya kwenda Dodoma kwa mtaalamu wa viungo, na kurudi tena mwezi ujao, na mwezi wa tatu. Bangili mwachieni mchuuzi. Na jioni hii hii, kabla ya kuwasha taa, mletee baba bakuli la karanga, ukae karibu naye, umngojee.