Wema Hauna Deni kwa Ubaya



Limeenea kati yetu neno linalosemwa kwa sauti ya hekima, nalo ni hili: pasipo ubaya, wema hauwezi kuwapo. Wanaolisema huongeza kwamba shibe isingejulikana bila njaa, wala amani bila vita. Hivyo Mungu mwenyewe, eti, aliuhitaji uovu ili wema wake uonekane. Neno hilo husikika katika mazungumzo ya vikundi vya vijana, husikika matangani, na mara nyingine hata katika mafundisho. Napenda kulipinga waziwazi. Si la kweli, na kwa kuwa si la kweli linaumiza watu.

Tuanze na hoja yao yenye nguvu zaidi, yaani ile ya kujua. Wanasema kwamba mtu asiyewahi kuugua haijui afya. Ni kweli kwamba mgonjwa huithamini afya aliyoipoteza. Lakini kukithamini kitu ni jambo moja, na kuwapo kwa kitu hicho ni jambo jingine. Moyo wa mtoto hupiga tumboni mwa mama yake kabla hajasikia habari za ugonjwa wowote. Akizaliwa, hutulia kifuani mwa mama kabla hajatendewa ukatili. Hakuna anayempiga kwanza ili atambue kwamba kubebwa ni kuzuri.

Sisi tuliosomea ualimu twalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mwanafunzi hujifunza kwamba 7 mara 8 ni 56, wala hana haja ya kufundishwa kwanza kwamba ni 54. Bali atakaye kutambua kwamba 54 ni kosa, sharti alijue jibu lililo sahihi. Bila hilo, 54 ni namba tu kama namba nyingine. Kosa ndilo linalotegemea usahihi. Vivyo hivyo, anayeuita wizi ubaya amekwisha kujua kwamba haki ni njema.

Mtakatifu Agostino, mwana wa Afrika ya Kaskazini, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste katika nchi iitwayo leo Aljeria, alifuata kwa miaka ipatayo tisa mafundisho ya Mani, yaliyosema kwamba nuru na giza ni asili mbili zinazopigana tangu milele. Akayaacha. Baadaye akafundisha kwamba ubaya hauna asili yake wenyewe. Ni upungufu wa wema. Katika karne ya 13, Mtakatifu Thomas wa Akwino alieleza kwamba upungufu huo ni wa kitu kilichopaswa kuwapo. Jiwe lisiloona halina ubaya, kwa maana kuona si sifa ya jiwe. Bali mtu asiyeona amepungukiwa na kitu kinachompasa. Nasi tulio kando ya ziwa tunaweza kusema hivi: mtumbwi waweza kuwapo bila tundu, lakini tundu haliwezi kuwapo bila mtumbwi. Na mtumbwi ukioza wote, tundu nalo limekwisha. Hii haimaanishi kwamba ubaya ni ndoto. Tundu huzamisha watu. Maana yake ni kwamba ubaya hula kwa wema, na wema hauli kwa ubaya.

Ndivyo lisemavyo pia Neno la Mungu. Katika sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, Mungu anatazama kazi yake hatua kwa hatua na kuiona kuwa njema. Nyoka hajatokea bado. Kabla ya kuumbwa kitu chochote, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu walipendana, na hapakuwapo chuki ya kulinganishwa na upendo huo. Tena tunasadiki mbingu isiyo na machozi. Kama wema ungehitaji ubaya, basi mbinguni wema ungenyauka kwa kukosa mwenzake. Nani kati yetu anaisadiki mbingu ya namna hiyo?

Wengine hutoa hoja ya historia yetu. Husema: kama si biashara ya watumwa, wamisionari wasingalifika Mpala, na kama wasingalifika, tusingalimpata Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi, aliyepewa upadri mwaka 1917. Kwa hiyo hata utumwa ulileta heri. Hoja hii haisimami. Kristu aliwatuma mitume kwa mataifa yote bila kungoja mataifa hayo yatiwe minyororo. Shirika la Mapadri Weupe lilianzishwa na Lavigerie huko Aljeria mwaka 1868, nao walikuwa wamefika Ujiji mwaka 1879 kuhubiri Injili, kabla ya kupokea kituo cha Mpala mwaka 1885. Biashara ya watumwa haikuwa mbegu ya kazi yao. Ilikuwa moto shambani mwao. Ilichoma vijiji walivyotaka kuvifundisha, ikawavusha ziwa watu ambao wangeweza kuwa wanafunzi wao. Ndiyo maana Kapteni Joubert alishika silaha kuwalinda wenyeji, na Kardinali Lavigerie, mwaka 1888, alizunguka miji ya Ulaya akiipinga biashara hiyo. Hawakuushukuru utumwa kwa kuwapa nafasi ya kuwa wema. Waliupiga vita ili ukome. Tena, anayemhesabu Padri Kaoze awahesabu pia wale waliokufa njiani kabla ya kufika pwani, ambao upadri wao, utawa wao na ndoa zao hatutazijua kamwe.

Hoja ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Je, huruma, msamaha na ushujaa vyaweza kuwapo pasipo mateso? Hapa Kalemie hatuulizi swali hili kwa mchezo. Katika miaka iliyofuata 2013, vita kati ya Watwa na Waluba vilichoma vijiji vya pande zote mbili na kuwafukuza makwao mamia ya maelfu ya watu katika jimbo la Tanganyika. Wengi walikimbilia mji wetu. Wakalala kambini, wengine wakapokelewa katika nyumba ambazo tayari zilikuwa na watu wengi na chakula kidogo. Ukarimu ule ulikuwa wema wa kweli. Lakini vita havikuuzaa. Vita vilikuta umo tayari moyoni mwa mama aliyefungua mlango. Jirani yake aliviona vita vile vile akaufunga wake. Kama ubaya ndio ungekuwa chanzo cha wema, wote wawili wangefungua.

Hali kadhalika na kipindupindu, kinachorudi mara kwa mara katika mji wetu. Tunamsifu muuguzi anayekesha na wagonjwa. Je, siku wodi yake inapokuwa tupu, wema wake umepungua? Hasha. Siku hiyo upendo ule ule unamfanya afurahi na kulala usingizi. Huruma ni sura ambayo upendo huivaa mbele ya jeraha. Jeraha likipona, upendo haufi. Huvaa sura ya furaha. Muuguzi ambaye angetamani ugonjwa urudi ili apate kusifiwa, huyo tusingemwita mwema hata kidogo.

Najua mtanikumbusha wimbo wa Mkesha wa Pasaka, uimbwao mbele ya mshumaa mkubwa, unaolitaja kosa la Adamu kana kwamba lilikuwa na heri. Usikilizeni vizuri: unamsifu Mkombozi, wala hausifu kosa. Mungu ana uwezo wa kutoa jema hata katika uharibifu wetu, lakini uwezo huo ni wake, si wa uharibifu. Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Warumi, alikutana na watu waliotaka dhambi iendelee ili neema izidi, naye akawakatalia kabisa. Na methali yetu isemayo "baada ya dhiki faraja" imesema baada. Haikusema kwamba dhiki ndiyo mama wa faraja.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu neno hili baya lina wateja wengi. Mla rushwa analipenda, maana linampa kazi katika mpango wa Mungu. Mchochezi wa chuki za makabila analipenda pia. Na mtu mvivu hulipenda kuliko wote: ikiwa ubaya ni wa lazima, kuupinga ni kupoteza wakati, basi tukae tukisema kwamba dunia ndivyo ilivyo. Lakini mwambieni mama aliyezika mtoto wake kambini kwamba kifo kile kilihitajiwa ili sisi tujue uzuri wa uhai. Mkishindwa kumwambia usoni, msiliseme tena popote.

Mkienda msibani, kaeni na wafiwa, salini nao, chota maji, pasua kuni. Msitafute faida ndani ya msiba wao. Katika vikundi vyenu, Mtwa na Mluba wakae benchi moja, wala wasifundishwe kwamba uadui wa wazazi wao ulikuwa wa lazima ili wao wapatane. Haukuwa wa lazima. Ulikuwa uharibifu, na upatano wao ni kurudi katika jambo lililokuwa la kwanza. Na palipo na maji machafu, pigeni debe hadi yapatikane maji safi, bila hofu kwamba siku kipindupindu kitakapotoweka mtakosa nafasi ya kutenda mema. Watoto watakaokunywa maji hayo watahitaji kufundishwa kusoma, kuimba na kumpenda Mungu, na kazi hiyo inawatosha maisha yenu yote.