Kabla Hujamlipa Fundi, Mwambie Achomoe Diski ya Zamani

Kazi inayonilipia pango la kibanda hapa Mwanza siku hizi ni kuweka diski mpya za kasi, SSD, kwenye kompyuta za mezani za mtumba. Mteja analeta mashine inayojikokota, naifungua, nachomeka SSD, napiga windo upya, na ile diski kuukuu ya HDD inabaki humo humo ya kuhifadhia picha na mafaili. Ni kazi nyepesi, ndiyo maana kila mwenye bisibisi anaifanya. Ninachodai ni kidogo tu: fundi asishike hela kabla hajamwonyesha mteja kompyuta inawakia diski ipi.

Mtasema si ipo herufi C? Herufi C haithibitishi kitu. Windows inayofanya kazi wakati huo kwa kawaida hujiita C, iwe imelala kwenye diski mpya au kuukuu. Namba nazo zisikuzuge. Diski iliyoandikwa 0 si lazima iwe ndiyo iliyowasha mashine. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu inayoonyesha utendaji wa kompyuta, utazame ile C imeandikwa kwenye diski ipi na kama ni SSD au HDD. Ukiibofya, jina la modeli linatokea juu upande wa kulia. Lilinganishe na lililo kwenye boksi la SSD uliyouziwa. Wa Linux wao waandike findmnt na alama ya mkwaju, kisha lsblk, mambo yamekwisha.

Hapo umejua Windows inakaa wapi. Aliyeiamsha bado hujamjua, na huku ndiko watu wanakoumia. Kompyuta zinazotumia UEFI huwaka kwa hatua. Kwanza ubao mama hutafuta patisheni ndogo ya EFI yenye faili za kuwashia. Faili hizo ndizo huiita Windows, ambayo inaweza kuwa kwenye diski nyingine kabisa. Sasa fundi akipiga windo kwenye SSD huku diski ya zamani imechomekwa, na hiyo ya zamani tayari ina EFI yake, mara nyingi Windows huitumia hiyo hiyo bila kutoa onyo. Mashine itawaka haraka, mteja atashukuru, kumbe bila ile diski chakavu haiwaki.

Mama mmoja mwenye steshenari aliniletea kompyuta yake iliyokuwa imewekwa SSD na fundi mwingine. Diski ya zamani ilikuwa imeanza kugonga, kijana wake akaichomoa, na skrini ikadai haioni diski ya kuwashia.

"Fundi, nimeambiwa kazi zangu zote zimepotea, na kuzirudisha ni hela nyingi."

"Hazijapotea, mama. Zipo hapa."

Na kweli zilikuwepo, mitihani ya shule na kadi za harusi za watu, zote kwenye SSD, hazijaguswa. Nilimega MB 100 za SSD hiyo, nikatengeneza patisheni ya EFI, nikaandika amri ya bcdboot iweke humo faili za kuwashia, mashine ikawaka. Aliyetaka kumtoza hela ya kuokoa mafaili ama hakujua ama alijua sana. Sijui lipi baya zaidi.

Kukwepa balaa hili ni rahisi. Chomoa waya wa SATA wa diski ya zamani kabla hujapiga windo, urudishe baada ya SSD kuwaka peke yake. Laptopu yenye nafasi moja tu ya diski haina shida hii.

Mafundi wenzangu wananiambia nawaharibia soko, kwamba mteja akizoea kuuliza atataka maelezo ya kila skrubu. Aulize tu, maana tunamtoza hela za kitaalamu. Kuwasha mashine bila diski ya zamani ni kazi ya dakika chache, na mteja aliyeona skrini ikiwaka huku diski hiyo ameishika mkononi hahitaji kujua EFI ni kitu gani.