Kabambare: kuanza kuuza si kazi, kazi ni kulinda mtaji

Kijana anayetaka kuanza kuuza Kabambare hahitaji ofisi wala karatasi nyingi. Anahitaji meza ya mbao, kivuli, na mwenye depo mmoja atakayekubali kumpa katoni mbili za sabuni hadi siku ya soko. Basi meza mpya hazikosekani, sokoni, pembeni ya barabara na karibu na machimbo ya Salamabila. Zinapangwa chumvi, sukari, betri, ndala, vikwembe, dawa za kichwa, unite za simu. Shida inakuja baadaye, pale meza ile ile inapobaki na betri nne na kiberiti, na mwenyewe anaanza kukwepa njia inayopita mbele ya depo.

Watu wanasema amekula mtaji. Neno hilo linamtupia lawama yeye peke yake: alikunywa, alioa mapema, alijionyesha. Wapo wa namna hiyo, hakuna anayekataa. Lakini ukifuata safari ya katoni moja ya sabuni kutoka inakotoka hadi inapouzwa, utaona kwamba mara nyingi mtaji umeliwa kabla haujafika mezani.

Kabambare yenyewe ni mtoto wa biashara. Katika karne ya 19 ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara iliyotoka Ujiji kwenda Kasongo na Nyangwe, njia ya pembe za ndovu, nguo, shanga na, kwa aibu ya wote walioifanya, watumwa. Livingstone alikwama hapo kwa miezi mingi, miguu ikiwa na vidonda. Wabeleji waliiteka mwaka 1894, mwisho wa vita vyao na Waarabu na Waswahili. Kiswahili ambacho muuzaji wa leo anamwitia mteja, pamoja na mpunga anaopima kwa meka, vilifika na misafara hiyo. Misafara imekwisha, ila mahali hapajabadilika: Kabambare bado iko mbali na kila ghala kubwa.

Bidhaa za dukani zinaingia kwa milango mitatu. Mlango wa mashariki ni ule wa Uvira na Baraka kwenye ziwa Tanganyika, unaopokea mizigo ya Bukavu na ya Kigoma, halafu barabara ya Fizi na Lulimba. Mlango wa kusini unatazama Kongolo na Kalemie. Wa magharibi ni reli inayotoka Katanga kwenda Kindu: mzigo unashushwa Samba, unavuka mto Lualaba, unafika Kasongo, kisha unatafuta njia ya kuja Kabambare. Kwenye ramani, barabara ya taifa namba 2 inaunganisha Mbuji-Mayi, Kasongo na Bukavu. Kwenye udongo ni jambo lingine.

Katikati ya Februari 2025, M23 iliingia Bukavu, wiki chache baada ya Goma. Benki za miji hiyo zikafunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukanyamaza, na wafanyabiashara wakubwa waliozoea kukopesha wenzao wa ndani wakaanza kudai pesa taslimu. Desemba ya mwaka huo vita vilifika hadi Uvira. Kabambare haiko kwenye mstari wa mbele wa vita hivyo, na jina lake halisikiki sana kwenye habari. Hata hivyo muuzaji mdogo wa huko aliguswa mara moja, maana mtu aliyekuwa akimpa mali kwa deni naye amekatiwa deni na wa juu yake. Katika mlolongo wa mikopo, anayeanza ndiye wa mwisho kupewa na wa kwanza kunyimwa.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Kijana ana franka 300,000. Kila safari ya mali inamwachia faida ya asilimia 15, yaani franka 45,000. Nyumbani kwake chakula na mambo madogo vinachukua franka 15,000 kwa wiki. Ikiwa mali inazunguka kwa wiki moja, ananunua, anauza, anarudi kununua, kila safari inaongeza franka 30,000 juu ya mtaji. Sasa mvua imekata daraja na safari ile ile imechukua wiki tatu. Faida ni 45,000, chakula cha wiki tatu ni 45,000. Amefanya kazi bila kulala na hana alichoongeza. Wiki ya nne ikiongezeka, anakula mtaji. Mtoto akiugua malaria katikati, anakula mtaji. Kijana huyo hakunywa wala hakuoa.

Mafunzo ya ujasiriamali yanayotolewa mijini huwa hayagusi kitu hiki. Yanamfundisha kijana kumchekea mteja, kupanga bidhaa vizuri, kuandika daftari. Daftari ni jambo zuri kabisa. Lakini Kabambare mteja si tatizo: watu wanahitaji chumvi na sabuni kila siku na walishachoka kuzikosa. Kinachomwangusha muuzaji ni muda ambao pesa yake inalala njiani.

Na njiani huko, chombo cha kazi ni baiskeli. Haipandwi, inasukumwa, na mzigo wake unaweza kuzidi kilo 100, fimbo ikiwa imefungwa kwenye usukani ili msukumaji apate pa kushika. Pikipiki ni ya haraka zaidi ila inakula mafuta, na mafuta yenyewe yamefika kwa kubebwa vile vile. Kuanzia mvua za Septemba, gari likizama kwenye matope hukaa siku kadhaa na kila aliyeko nyuma yake hukaa nalo. Muuzaji mzoefu anajaza mali mwezi wa saba na wa nane, barabara ikiwa kavu. Anayeanza hana pesa ya kujaza, hivyo ananunua kidogo kidogo wakati wa mvua, bei ikiwa juu, kutoka kwa yule aliyejaza.

Halafu kuna barieri. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu karibu vizuizi 800 vya barabarani katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, vya jeshi, vya vikundi vyenye silaha na vya ofisi za serikali, na mzigo unaotoka upande wa ziwa kuja Maniema unapita katika nchi hiyo hiyo. Sheria ya biashara ndogo ipo tangu Agosti 1990: inawaachia Wakongomani biashara hiyo na inamtaka muuzaji awe na patanti. Patanti si mzigo unaomvunja mtu. Ni malipo yanayojulikana, na ina karatasi. Kinachomvunja ni malipo yasiyo na karatasi, yanayobadilika kulingana na uso wa anayeomba na njaa yake siku hiyo. Malipo ya patanti unaweza kuyaweka kwenye bei tangu mwanzo. Franka 2,000 zilizotolewa gizani mbele ya kamba haziwezi kupangwa, na anayesukuma sabuni analipa sawa na anayebeba mali ya mara kumi.

Wengi wanakimbilia Salamabila kwa sababu hiyo. Kule kuna dhahabu na pesa inazunguka haraka. Kampuni ya Banro ilikuwa ikichimba Namoya hadi iliposimamisha kazi mwaka 2019, baada ya miaka ya mivutano na wachimbaji wadogo na mashambulizi ya Mai-Mai Malaika. Wachimbaji wa mikono hawakuondoka. Oktoba 2025 bei ya dhahabu duniani ilipita dola 4,000 kwa aunsi, na habari hiyo haikuhitaji redio kufika mashimoni.

Kwa muuzaji anayeanza, Salamabila ni mahali pa kupata haraka na kupoteza haraka. Mchimbaji hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Anakula wali leo kwa dhahabu ya kesho. Mama anayepika, kijana anayeuza betri za tochi, mwenye viatu vya mpira, wote wanatoa kwanza na kusubiri shimo litoe. Likitoa, wanalipwa vizuri, mara nyingine kwa vumbi lenyewe la dhahabu, linalopimwa kwa mizani ndogo ambayo uzito wake ni sarafu ya zamani au njiti ya kiberiti. Asiyejua mizani hiyo anaibiwa akiwa anaangalia. Shimo lisipotoa, au likiporomoka, au risasi zikilia na watu kutawanyika, deni linaondoka na mdaiwa. Wale waliokimbia vita vya 2017 na 2018 katika eneo hilo waliacha nyuma nyumba na mashamba, na madaftari ya wauzaji yalibaki na majina ya watu wasioonekana tena.

Deni la nyumbani ni gumu kuliko la mgodini, maana huyo mdaiwa utakutana naye kwenye kilio na kwenye harusi. Kwa Wabangubangu, kama kwa majirani zao, kijana mwenye meza hana uhuru wa kumwambia mjomba kwamba sukari haitoki bila pesa. Mwalimu anayesubiri mshahara naye anaandikisha. Wote wawili ni watu waaminifu, na wote wawili watalipa, siku moja. Ila siku moja si siku ya mwenye depo. Baadhi ya wauzaji wamejifunza ujanja: wanasema mali si yao, ni ya tajiri wa Kasongo. Uongo huo kila mtu anaujua na kila mtu anauheshimu, kwa kuwa unamwezesha mjomba kuondoka bila kuaibika. Wengine wanaweka kikomo, wanatoa kwa deni faida ya wiki tu, mtaji hauguswi. Wanawake wanaonekana kushika kanuni hii kuliko vijana wa kiume, labda kwa sababu mtaji wao ukiisha ni chungu cha nyumbani kinachokosa moto jioni hiyo.

Mwaka 2025 ulileta pia fumbo la dola. Kwa miaka mingi muuzaji aliambiwa: usiweke franka, weka dola, franka inaoza. Kati ya Septemba na Oktoba franka ilipanda ghafla. Dola iliyokuwa inabadilishwa kwa zaidi ya franka 2,800 ikashuka chini ya 2,500. Aliyekuwa ameweka dola 100 kwa bei ya 2,850 alikuwa na franka 285,000. Kwa 2,500 amebaki na 250,000 bila kuuza wala kununua kitu. Serikali ikawataka wafanyabiashara washushe bei. Katika miji mikubwa, ambako mali mpya inafika kila siku, jambo hilo lina maana. Kabambare mali iliyo mezani ilinunuliwa kwa dola ya zamani, miezi miwili nyuma. Muuzaji akishusha bei anajikata, asiposhusha anaitwa mnyonyaji. Lawama hiyo haikumtendea haki muuzaji wa meza, hata kama ilimfaa mwenye depo.

Benki hazimjui kijana huyu. Anachokijua yeye ni likelemba: watu kumi wanachanga sawa, kila wiki mmoja anabeba yote. Na kuna vikundi vya akiba na mikopo vinavyoitwa AVEC, vyenye wanachama kama 15 hadi 25, sanduku la kufuli tatu, na mgawo wa mwisho baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili. AVEC inakopesha na kutoza kitu juu yake, na hapo Maniema ya kusini ina swali lake. Eneo hili lina Waislamu wengi, na kwa Mwislamu riba ni haramu. Likelemba haina riba. Udhaifu wake ni kwamba zamu haingojei shida: unaweza kuugua mwezi wa pili na zamu yako ni ya tisa. Vikundi vinaweza kubadilishana zamu, au kuweka mfuko wa pembeni wa msaada usiotozwa chochote. Hayo yanafaa kujadiliwa na masheikh na akina mama wa soko, kuliko kuletewa sanduku na kanuni zilizoandikwa Kinshasa.

Serikali haikosi mipango. Mradi wa PADMPME, uliokubaliwa na Benki ya Dunia mwaka 2018 kwa dola milioni 100, ulisaidia biashara ndogo katika miji kama Kinshasa, Matadi, Lubumbashi na Goma. Septemba 2022 ikatoka sheria ya kuendeleza ujasiriamali. Mpango wa wilaya 145 unaihesabu Kabambare, kwa kuwa ni moja ya hizo 145, na orodha yake ina shule, vituo vya afya, majengo ya utawala na barabara za vijijini. Kwa muuzaji wa sabuni, kipande kimoja cha barabara kinachopitika mwaka mzima kina thamani kuliko semina kumi, na hesabu ya wiki moja dhidi ya wiki tatu inaonyesha kwa nini.

Wakati huo unasubiriwa, waliodumu sokoni wana desturi moja inayoonekana wazi: hawaruhusu baiskeli kwenda tupu. Inatoka na mchele, karanga au mafuta ya mawese, inarudi na chumvi na sabuni, hivyo safari moja inalipa mara mbili na barieri zinagawanywa kwenye mizigo miwili. Kijana mwenye franka 300,000 anaweza kuanza na mpunga wa jirani baada ya mavuno, wakati bei iko chini, kabla hajagusa katoni ya mtu. Shida ni kwamba msimu huo ndio mwenye depo naye anautaka mpunga, na ana pesa nyingi kuliko yeye. Mwaka jana walionunua mapema, kwa meka mbili tatu nyumba kwa nyumba, ndio waliokuwa na kitu cha kupakia.