Ruzuku ya Afya na Haki ya Walio Wachache

Mwananchi wa Ulemo, wilayani Iramba, anaposhikwa na homa usiku ana shida zake, lakini walau anayo njia. Kata yake imepitiwa na barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega, na pale Misigiri huchepuka njia ya Kiomboi, makao makuu ya wilaya, yenye hospitali. Kaskazini mashariki yake, katika nyanda za chini zinazoelekea Ziwa Eyasi, wapo wananchi wengine wa mkoa huo huo wa Singida ambao safari ya kumfuata mganga ni jambo jingine kabisa. Hao ni Wahadzabe wa kijiji cha Munguli na mapori yanayokizunguka. Mpaka mwaka 2012, wilaya ya Mkalama ilipomegwa kutoka Iramba, Ulemo na Munguli zilikula katika chungu kimoja. Swali la namna ya kugawa kilichomo chunguni linazihusu pande zote mbili hata leo.

Wahadzabe wote, walioko Singida, Manyara, Arusha na Simiyu, wanakadiriwa kuwa elfu moja na ushei tu. Wengi wao wameishi kwa asali, mizizi, ubuyu, matunda na nyama ya porini, wakihama kufuata riziki. Watafiti waliowafuatilia katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita, akiwamo Nicholas Blurton Jones, walikuta kwamba karibu mtoto 1 kati ya kila 5 hakufikisha umri wa mwaka mmoja, na karibu nusu hawakufikisha miaka 15. Katika miaka ya 1990 taifa zima lilikuwa likipoteza takribani mtoto 1 kati ya 10 kabla ya kutimiza mwaka. Kwa hiyo mtoto wa Kihadzabe alikabiliwa na hatari maradufu ya ile ya Mtanzania mwenzake. Hakuna mwalimu wala mtumishi wa umma anayeweza kuiita hali hiyo usawa.

Nia ya taifa katika jambo hili haikuwa na shaka tangu zamani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitahadharisha kwamba hospitali kubwa za mijini huwanufaisha watu wa mijini, ilhali deni lake hulipwa kwa jasho la wakulima. Mwaka 1971 Mkutano Mkuu wa TANU uliazimia kwamba afya, maji na elimu vijijini vitangulizwe. Matunda yalionekana. Nchi iliyopata uhuru ikiwa na vituo vya afya vipatavyo ishirini tu vijijini ilikuwa imevuka vituo 200 ilipofika mwaka 1980. Baadaye, mwaka 2007, ulitangazwa mpango wa afya ya msingi uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Hayo yote ni mambo ya kujivunia. Hata hivyo, mipango hiyo yote ilimfikiria mwananchi akaaye mahali pamoja, mwenye nyumba, shamba na jirani.

Fikra hiyo hiyo imejificha ndani ya hesabu za ruzuku. Mwaka 2004 Serikali iliweka kanuni ya kugawa ruzuku ya afya kwa halmashauri. Katika kila shilingi 100, shilingi 70 zilifuata idadi ya watu. Shilingi 10 zilifuata umaskini, 10 vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, na 10 urefu wa njia za gari la mganga wa wilaya. Kanuni hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwani iliondoa upendeleo na kuweka wazi kila halmashauri inapata nini na kwa sababu gani. Lakini ilikuwa kanuni ya kugawa baina ya wilaya na wilaya. Fungu likishafika wilayani, umaskini wa kitongoji kimoja humezwa na wastani wa wilaya nzima. Watoto wanaokufa porini huingia katika hesabu iliyoleta fedha, kisha fedha hizo zikatumika kandokando ya barabara.

Ipo na kanuni ya pili, ambayo wananchi waliipa jina zuri la "tele kwa tele". Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996, ng'ambo tu ya mbuga ya Wembere, kisha ukatungiwa sheria mwaka 2001. Kila shilingi iliyochangwa na wananchi, Serikali iliiongezea shilingi nyingine. Mpango huo uliamsha moyo wa kujitegemea, na hapana budi usifiwe kwa hilo. Lakini hebu ufikiriwe kwa jicho la mtu wa Munguli. Asiyeuza alizeti wala ng'ombe hana shilingi ya kutanguliza, na aliyetanguliza sifuri huongezewa sifuri. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga. Na hapa ruzuku ya umma ikajikuta inawafuata wenye kitu. Sheria ilitoa nafasi ya msamaha kwa wasio na uwezo, lakini msamaha wa ada haumpeleki mganga porini.

Tangu mwaka wa fedha 2017/2018 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo. Hilo nalo ni jambo jema, maana lilipunguza urasimu na kuzipa kamati za wananchi sauti. Ila kambi ya watu ishirini chini ya mbuyu haina zahanati, na pasipo zahanati hapana akaunti. Hata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, iliyoweka utaratibu wa kuwagharimia wasio na uwezo, itategemea orodha zinazoandikwa vijijini. Kaya inayohama yaweza kuachwa nje ya orodha bila ya mtu yeyote kukusudia kuidhulumu.

Wako watakaouliza: je, kuwatengea Wahadzabe fungu lao si kurudisha ukabila? Hofu hiyo ni ya haki na inastahili jibu. Tanzania iliacha kuuliza kabila katika sensa baada ya ile ya mwaka 1967, na uamuzi huo umelisaidia taifa. Marekani ilifuata njia nyingine. Baada ya ripoti ya mwaka 1985 iliyotolewa chini ya Waziri wa Afya Margaret Heckler kuonyesha kwamba Wamarekani Weusi na wengine walio wachache walikuwa wakifa mapema, nchi hiyo iliunda mwaka 1986 ofisi maalumu ya afya yao, nayo ikatoa ruzuku kwa jamii hizo. Tanzania haihitaji kuhesabu rangi wala kabila ili kutenda haki kama hiyo. Yatosha kuuliza mambo matatu kuhusu kila kitongoji: ni mwendo gani hadi dawa ilipo, ni watoto wangapi hawajachanjwa, na ni akina mama wangapi wanaojifungua bila mkunga. Majibu yatawafikia Wahadzabe, na yatamfikia pia mfugaji wa Kibarbaig na mkulima wa Kinyiramba aliye mbali, bila ya mtu kuulizwa kabila lake.

Wengine watasema: basi na wahamie karibu na huduma. Jambo hilo liliwahi kujaribiwa. Katika miaka ya 1964 na 1965 Wahadzabe walikusanywa na kupelekwa kukaa katika makazi ya kudumu huko Yaeda. Maradhi yakawaandama katika msongamano wasiouzoea, wengi wakafa, na haukupita muda mrefu waliosalia wakarudi porini. Somo hilo lililipiwa gharama kubwa mno kuweza kusahauliwa. Huduma ndiyo inayopaswa kumfuata mwananchi.

Namna ya kumfuata inajulikana, nayo ni huduma ya mkoba. Muuguzi, chanjo, mizani ya watoto na dawa hupakiwa katika gari au pikipiki na kupelekwa mahali na siku iliyotangazwa. Kila halmashauri huandika kila mwaka mpango wake wa afya, na hapo ndipo pa kusimamia haki. Mafuta na posho ya mkoba kwa vitongoji vya mbali viandikwe mwanzo, kabla ya semina na samani za ofisi, na fungu hilo lisihamishwe katikati ya mwaka. Vijana wa Kihadzabe wafundishwe kazi ya uhudumu wa afya, kwa kuwa wao wanajua lugha na kambi zilipo. Kisha taarifa ya utekelezaji ieleze kitongoji kwa kitongoji mkoba umefika mara ngapi, kwani wastani wa wilaya ni pazia.

Je, mwananchi wa Ulemo atapungukiwa? Yeye pia anangoja dawa, na foleni yake si fupi. Lakini gharama ya mafuta ya safari chache haiwezi kuikausha zahanati ya kando ya lami, na kanuni inayomtambua aliye mbali ndiyo itakayokitetea kitongoji cha Ulemo kilicho mbali kuliko vingine. Walimu na watumishi wanaokaa katika kamati za kata na za zahanati wanazo kalamu mikononi mwao mpango unapoandikwa. Wenye haki ya kwanza katika ruzuku hawamo kikaoni na pengine hawatakuwamo kamwe. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na haki ya mnyonge huyu ni mstari mmoja wa bajeti usiofutwa.