Nani kakisugua kikaango changu?

Mwezi huu nilipanga kuandika habari za wapenzi wanaopekua simu za wenzao, mada ambayo wengi wenu mmeniomba. Isubirini kidogo. Kuna jambo limetokea jikoni kwangu, na nisipolitoa hapa litanikaa kooni.

Wale mliokuja kwenye kicheni pati yangu mtaikumbuka zawadi ya mashosti wa ofisini: vikaango vitatu vya nonstiki, vyeusi tii, na mifuniko yake ya kioo, vimefungwa kwa utepe mwekundu. Kile kikubwa ndicho kilikuwa roho yangu. Mayai yanateleza yenyewe, chapati hainywi mafuta, samaki anageuka na ngozi yake. Kwa miaka minne nilikiosha kwa mkono wangu, sponji laini na maji ya vuguvugu, nakipangusa, nakitundika. Dada wa kazi alikuwa anajua sheria: gusa vyote, hicho kiache.

Mwezi wa tatu mama mkwe wangu akaja kutoka Muheza. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa anasubiri kufanyiwa upasuaji wa jicho moja baada ya kliniki kadhaa. Kwa hiyo hakuwa mgeni wa siku tatu, alikuja kukaa. Na Mama si mtu wa kukalia kochi akaangalia tamthilia. Wiki haijaisha, alishamwambia dada apumzike, akachukua jiko. Kwanza nilifurahi. Nani asiyefurahi kurudi kutoka kazini, umetoka kwenye foleni ya Morocco, ukakuta samaki wa nazi mezani?

Asubuhi moja nikatoka kibarazani nikakuta kikaango changu kimeanikwa juani. Katikati yake pana duara jeupe la fedha, ukubwa wa kisahani cha chai. Pembeni pana stili waya na kifuu chenye mchanga.

Mchanga, jamani!

Nikahisi kama mtu amenipiga kofi. Mama akatokea mlangoni.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama tu."

Basi, nikaenda kazini. Miaka mitatu nimekaa chuoni nasomea mawasiliano. Naweza kukuchorea ubaoni njia nzima ya ujumbe kutoka kwa mtoaji hadi kwa mpokeaji. Lakini kumwambia mwanamke mmoja wa Muheza, "Mama, hiki hakisuguliwi", nimeshindwa.

Wiki iliyofuata gesi ikaisha Jumamosi mchana, Mama akawasha jiko la mkaa uani. Akapika wali, na wali wa Mama unapaliwa: makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Mfuniko upi? Wangu wa kioo. Kile kidude cha plastiki cha kushikia kililegea kama pipi, halafu nikasikia "tah!" Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Kwa Mama bado haujafika. Ila niseme ukweli, wali ule ulikuwa mtamu kuliko wowote niliowahi kuupika kwa gesi.

Usiku nikamwambia mume wangu. Akaniangalia, akarudi kwenye simu yake. "Si kikaango tu? Nitakununulia kingine."

Wanaume, hapa ndipo mnapotuudhi. Mke akikuambia kikaango, sio kwamba anakosa elfu arobaini. Anakuambia kuna mahali pake ndani ya nyumba, na hapaoni tena. Mume wangu ana kisanduku cha zana zake, bisibisi zimepangwa kwa urefu. Siku dada alipochukua moja akafungulia kopo la maziwa, tulisikia kelele mpaka kwa jirani.

Nikafanya nilichofanya. Nikakifunga kikaango ndani ya kanga, nikakitia kwenye kabati la nguo chumbani, chini ya mashuka.

Hapo inabidi nikurudishe nyuma kidogo. Nimekulia Tandika, Temeke, kwenye nyumba ya Kiswahili kama unazozijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, nyuma uani, na jiko na choo ni vya wote. Vyumba sita, wanawake sita, kila mmoja na moto wake. Sufuria zetu zilikuwa na alama chini, herufi zilizochongwa kwa msumari, kwa sababu kwenye msiba au harusi zinaazimwa mtaa mzima, na bila alama ya kwako hairudi. Marehemu bibi alikuwa anapaka rangi ya kucha. Na usiku hakuna aliyeacha sufuria uani. Ziliingia ndani, chini ya kitanda, mlango unafungwa. Mwenzako akikuharibia kitu hukumwambia. Ulivaa kanga yenye maneno yanayomfaa, ukapita mbele yake mara mbili tatu kwenda kisimani. Wenyewe wanaelewana.

Kwa hiyo kuficha chombo nimekulia nako. Sikukumbuka tu maana yake.

Nisiwe mchoyo, maana wako wanaojiuliza kikaango hiki kina nini mpaka mtu alie. Ule utando wake mweusi ni aina ya plastiki. Iligunduliwa kwa bahati mwaka 1938 na mkemia wa Marekani, Roy Plunkett, akiwa kampuni ya DuPont. Mwaka 1954 Mfaransa mmoja, mhandisi Marc Grégoire, alikuwa anaitumia kwenye vifaa vyake vya kuvulia samaki, mkewe akamwambia bora aipake kwenye vyombo vya jikoni. Mwaka 1956 ikazaliwa kampuni ya Tefal. Wazo la mke, jina la mume, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Utando huo una maadui wawili. Mmoja ni mkwaruzo: kijiko cha chuma, uma, kisu, stili waya, mchanga. Ndiyo maana kinatumiwa na mwiko wa mti. Wa pili ni moto mkali. Ukipita nyuzijoto 260 hivi utando unaanza kuharibika, na ukizidi sana unatoa moshi ambao unajulikana kuua hata ndege wa kufugwa ndani. Kwa hiyo usikibandike kitupu ukaenda kuchati. Mkaa uliokolea unafika huko bila kupepewa. Kipande kikibanduka ukakimeza, kinapita tu tumboni kinatoka, usiamshe nyumba usiku. Ila kikaango kikishachubuka chakula kinaanza kunata, na hakuna fundi wa kukirudisha.

Mkaa wa nyumba moja na mimi ofisini anapanga Sinza na mwenzake. Wao ugomvi wao ni kikaango cha chuma cha chapati, mmoja anakiosha anakiacha na maji, na kwa hewa ya pwani asubuhi kimeshaota kutu. Wamefikia kila mtu kununua jiko lake, kwenye jiko lenye upana wa mlango. Nilimcheka. Nikaacha kucheka nilipokumbuka kabati langu.

Jumapili, mume wangu akaamua kupika mayai. Tuko wote sebuleni. "Mke wangu, kile kikaango kikubwa kiko wapi?"

Nikasema sijui. Akasema ameangalia kila mahali. Mwisho nikainuka, nikaingia chumbani, nikarudi nimekibeba ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Mikono ikasimama. Hakusema kitu. Akaendelea kuchambua.

Tangu siku hiyo Mama hakuingia tena jikoni. Akiletewa chakula anakula, akimaliza anasema "asante mwanangu", anarudi chumbani. Siku tatu. Usiku wa tatu nikamsikia anaongea na simu, anamwambia mtu aliyeko Muheza kwamba atapanda basi la Alhamisi. Upasuaji ulikuwa Jumatatu inayofuata. Yaani mtu yuko tayari abaki na jicho lake bovu, sababu ya kikaango.

Jumatano niliomba ruhusa nikatoka mapema. Nikamkuta kibarazani, begi liko pembeni ya mguu. Nikavua viatu, nikakaa chini kwenye mkeka.

"Mama, nimekukosea. Naomba tuongee."

Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Mwanangu, mimi nimezaa watoto sita. Sijawahi kuchukua kitu cha mtu."

Jamani, nilitaka ardhi ipasuke. Yeye alielewa nimemficha kikaango kama mwizi! Na angeelewaje vingine? Hata kwetu Tandika chombo kilifichwa kwa sababu hiyo hiyo. Nikamweleza mpaka nikachanganya maneno: kwamba kina utando, kwamba hakisuguliwi, kwamba kile cheusi ndiyo ubora wake.

Mama akageuza shingo. "Kile cheusi?"

"Ndiyo Mama."

"Si masizi?"

Sikuweza kujibu. Akaendelea: "Mimi nilisema, huyu binti ana kazi nyingi, anatoka alfajiri anarudi usiku, kikaango chake kimeshika masizi mpaka ndani. Kuna wageni wa mume wako walikuwa waje Jumamosi. Nikasema wasije wakasema mke wa mwanangu mchafu. Nikawa naamka kabla yako nasugua. Masizi gani haya, nasugua hayaishi! Macho yenyewe siyaamini, naenda kwa mkono, mpaka mkono uniambie pametakata."

Fikiria, msomaji. Mama amelelewa kwenye sufuria za aluminiamu, kama mama zetu wote. Sufuria ile ya mafundi wa Gerezani isiyo na mkono, unaisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa stili waya, unaiinamisha kwenye kichanja, jua likipiga inamulika mpaka nyumba ya pili. Mgeni anaangalia kichanja kwanza, ndipo anaangalia mwenye nyumba. Wiki nzima mama huyu alikuwa ananifichia aibu alfajiri, na mimi namfichia kikaango usiku.

Nilikuwa nimeanza kulia na kucheka kwa pamoja ndipo akaniambia la kwake.

"Na wewe chungu changu umekiua."

Chungu gani? Kile alichokuja nacho kutoka Muheza, amekipakata kwenye basi njia nzima, cha kupikia samaki. Mimi kila jioni, kwa heshima kabisa, nilikuwa nakiosha kwa sabuni ya maji, ile ya kijani ya harufu ya ndimu. Nakijaza povu, nakiloweka. Udongo una vitundu, unakunywa. Ukibandika motoni unatema. "Mchuzi wote wa juzi ulikuwa unanuka sabuni ya dukani. Mume wako ameula, wewe umeula, mmesifia. Nikanyamaza."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Jiko lako mwanangu. Ningeanzaje?"

Kwa hiyo nyumba moja, jiko moja, wanawake wawili, kila mmoja anaua chombo cha mwenzake kwa kukisafisha vizuri. Na kati yetu mwanamume mmoja anasema si kikaango tu.

Begi lilirudi ndani. Jumatatu tulikwenda hospitali sote watatu. Siku ya pili walipomfungua bandeji, alitulia kwanza, akaniangalia, akasema, "Kumbe umekonda hivi." Tulipofika nyumbani hakupumzika, alikwenda moja kwa moja jikoni akakishika kikaango, akakigeuza dirishani kwenye mwanga. "Haa! Cheusi kwa kuzaliwa." Halafu akapitisha kidole kwenye rafu yangu ya juu akanionyesha vumbi. Hilo jicho jipya, mashosti, nisiwafiche, lilinitesa wiki mbili zilizobaki.

Alipoondoka aliniomba kikaango. Ni cha aluminiamu ndani, na sehemu kubwa alishaifikia kwa mchanga wake, akaona bora amalizie. Juzi nimempigia simu, anakaangia karanga. Anasema kinang'aa mpaka majirani wanaulizia duka.

Chungu ameniachia mimi. Tulikichemsha mara tatu kwa maji matupu, tukamwaga, mpaka harufu ya ndimu ikaisha. Kinaoshwa kwa maji ya moto na dodoki, basi, halafu kinaanikwa kibarazani pale pale. Dada wa kazi ameshaambiwa: gusa vyote, hicho uniachie.